Barua ya wazi kwa uongozi wa shule yetu na halmashauri: injini zizimwe getini

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mheshimiwa Mkurugenzi wa Halmashauri,
Mwalimu Mkuu,
Dar es Salaam.

YAH: MAGARI YANAYOACHWA YAKIUNGURUMA NJE YA GETI LA SHULE

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni baba wa watoto wawili shuleni hapo, mmoja yuko darasa la kwanza na mwingine la nne. Shule naipenda. Mkubwa aliingia hajui kushika penseli, leo ananisomea gazeti jioni nikiwa nimechoka. Kwa hiyo msiipokee barua hii kama ya mtu anayewatafutia ubaya.

Naandika hadharani kwa sababu milango ya ndani nimeshaigonga yote. Februari nilizungumza na mwalimu wa zamu getini. Machi niliandika barua, na nakala yangu ninayo, imegongwa mhuri wa kupokelewa. Kwenye kikao cha wazazi cha Mei nilisubiri mpaka "mengineyo", nikasimama, nikaambiwa hoja imepokelewa na itafanyiwa kazi. Nilipofuatilia ofisini, nikaelezwa kuwa barabara ile si ya shule, ni ya halmashauri. Nikaenda halmashauri. Kule nikaambiwa magari yale ni ya wazazi wa shule, basi nikazungumze na shule. Kwenye kundi la WhatsApp la darasa niliandika mara mbili. Wazazi watatu walinijibu kwa kidole gumba, kisha mazungumzo yakahamia kwenye sare za michezo.

Jina la shule silitaji, na la halmashauri pia. Mnajijua. Zaidi ya hapo, ninavyozunguka jiji hili kikazi nimeyaona haya haya Mikocheni, Upanga, Tabata na Mbezi Beach, na sitaki ionekane kwamba watoto wa shule moja ndio wenye wazazi wabaya.

Kabla ya yote, nikiri la kwangu. Kwa miaka mitatu mimi mwenyewe nilikuwa ninafanya hili ninalolilalamikia. Nafika saa nane na nusu mchana ili nipate nafasi karibu na geti, napandisha vioo, naacha AC ikifanya kazi, nasikiliza redio mpaka kengele ya saa tisa na nusu. Gari langu ni Toyota IST, kama ya wazazi wengi pale. Saa nzima injini inaunguruma na mimi sioni tatizo, maana ndani kuna ubaridi na harufu nzuri.

Januari mwaka huu gari likaanza kutetemeka likiwa sailensi, yaani linawaka bila kutembea. Fundi wangu wa Sinza akafungua plagi akazipanga kwenye kiganja. Zote nne zilikuwa nyeusi, zina masizi makavu kama ya chini ya sufuria ya mkaa. Akauliza, "Kaka, hili gari huwa unaliacha linawaka limesimama?" Nikamwambia ukweli. Akasema gari likiwa hivyo kwa muda mrefu halichomi mafuta sawasawa. Masizi mengine yanaganda kwenye plagi, mengine yanatokea nyuma. Gari likabaki gereji siku tatu, na siku hizo tatu nilishuka daladala nikaenda kumsubiri mwanangu kwa miguu. Ndipo kwa mara ya kwanza nikasimama nyuma ya magari.

Barabara yenyewe mnaijua. Upande mmoja ukuta wa shule, upande wa pili mtaro wazi, na katikati hakuna njia ya waenda kwa miguu. Magari yanapaki yakifuata ukuta, yakibakiza upenyo ambao mtu mzima hupita kiubavu. Hatua chache mbele ipo shule ya msingi ya serikali, na watoto wake hutoka wakati huo huo. Wanapita kwenye upenyo ule, mashati meupe na sketi na kaptula za bluu, kwa sababu upande wa mtaro kuna bodaboda na bajaji zinazopita kasi.

Nilimwona binti mmoja, labda wa darasa la tatu, amemshika mdogo wake mkono. Walipofika nyuma ya gari kubwa la dizeli, akamfunika mdogo wake pua na mdomo kwa kiganja. Hakumtazama, wala hakusita. Wakapita, akaondoa mkono. Wakafika nyuma ya gari la pili, akamfunika tena. Niliwafuata kwa macho mpaka mwisho wa foleni, na kila penye ekzosi inayotoa moshi mkono wake ulipanda. Yeye mwenyewe hakuwa na mkono wa kujifunika, mmoja umemshika mdogo wake, wa pili uko usoni kwake.

Tangu siku hiyo nazima gari. Na tangu siku hiyo nawaandikia ninyi. Hoja zangu ni hizi.

1. Moshi wa gari lililosimama ni sumu, hata usipoonekana.

Wengi tunadhani moshi mbaya ni ule mweusi wa lori bovu. Kwenye ekzosi ya gari lolote la petroli au dizeli hutoka kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hutoka pia gesi za oksidi za naitrojeni zinazochoma njia ya hewa, na chembechembe ndogo ambazo wataalamu huziita PM2.5 kwa kuwa kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5, wakati unywele mmoja wa binadamu una kama mikromita 70. Chembe za udogo huo hazizuiliwi na vinyweleo vya pua. Hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipunguza kikomo linachopendekeza cha wastani wa mwaka wa chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa kuwa ushahidi ulionyesha zinadhuru hata zikiwa chache. Kuhusu dizeli, tangu Juni 2012 shirika tanzu la WHO la utafiti wa saratani limeuweka moshi wake kundi moja na moshi wa sigara, yaani vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu.

Sasa mweke mtoto hapo. Mtoto wa miaka sita akiwa ametulia huvuta pumzi mara 20 au zaidi kwa dakika, mtu mzima 12 hadi 20, na mapafu ya mtoto bado yanajengeka. Nimempima mwanangu wa darasa la kwanza kwa futi ya fundi cherehani: pua yake iko sentimita 104 kutoka chini. Mimi moshi unanifikia umeshatawanyika. Yeye anaupata ukiwa bado wa moto.

Kuna jambo la magari yetu pia ambalo mafundi wanalijua na wazazi wengi hawalijui. Ndani ya bomba la moshi huwa kuna masega, kifaa kinachopunguza ukali wa gesi kabla hazijatoka. Masega hayafanyi kazi vizuri mpaka yapate joto kali, nyuzi 300 hivi. Na katika jiji hili magari si machache yaliyotolewa masega, kwa sababu yana madini ya thamani na yana wanunuzi. Gari la namna hiyo linaweza kung'aa kwa nje na kumwaga kila kitu nje kama kilivyo.

Mtoto wa miaka 9 wa London, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki Februari 2013 baada ya kuteseka na pumu kali. Nyumba yao ilikuwa karibu na barabara yenye magari mengi. Mama yake, Rosamund, alihangaika miaka mingi uchunguzi urudiwe, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo akatamka kwamba hewa chafu ilichangia kumuua mwanawe. Kwa Uingereza ilikuwa mara ya kwanza hewa chafu kuandikwa hivyo kwenye sababu za kifo cha mtu. Simtaji Ella ili kuwatia hofu. Namtaja kwa sababu kabla ya 2020 kila mtu angeweza kumwambia yule mama kuwa ni pumu tu, mambo ya kawaida. Shuleni kwetu wapo watoto wenye pumu. Mwalimu wa afya ana pampu zao kwenye kabati, zimeandikwa majina.

2. Madarasa ya darasa la kwanza yako kando ya ukuta.

Watoto wa chekechea hutoka saa sita mchana. Magari yanayowafuata huanza kujipanga saa tano na nusu, yakiunguruma chini ya madirisha ya wavu ya darasa la kwanza, ambayo kwa joto letu hayawezi kufungwa. Wale hawasubiri kuchukuliwa, wako katikati ya somo. Piteni hapo siku yoyote mtazame ukuta wa nje, usawa wa goti. Mlipaka rangi ya krimu wakati wa likizo. Sasa kila baada ya hatua chache pana doa jeusi la duara, pale gari linaporudi kinyumenyume na kusimama.

3. Mabasi ya shule yenyewe.

Hili linaniuma kuliko yote, maana haliwezi kusukumiwa mzazi wala halmashauri. Koasta za shule huwashwa saa tisa kamili ndani ya uwanja. Madereva huziacha zikiunguruma huku wakipiga stori chini ya mkungu, na watoto hupangwa mistari pembeni ya ekzosi kusubiri kuitwa majina mpaka kengele ilie. Ni nusu saa ya dizeli kila siku ya shule, ndani ya geti lenu, na madereva mnaowalipa mshahara ninyi.

4. Kelele.

Mwalimu wa darasa la kwanza anafundisha silabi kwa kupaza sauti juu ya injini. Sina la kuongeza hapo.

5. Watoto wa shule ya jirani.

Hawa hawana mzazi kwenye kikao chenu wala kwenye kundi letu la WhatsApp. Hawana gari linalowasubiri. Ubaridi tunaoutafuta sisi ndani ya magari, moshi wake wanaupokea wao wakirudi nyumbani kwa miguu. Ndugu Mwenyekiti, hata kama wazazi wote wa shule yetu wangeridhia watoto wao wavute moshi huo, hatuna ruhusa ya kuridhia kwa niaba ya yule binti na mdogo wake.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengi nimeshayasikia.

Mtasema ni joto. Ni kweli, na silidharau. Februari ya Dar es Salaam, nyuzi 32 na unyevunyevu ule, gari lililofungwa vioo linakuwa tanuri, na wapo akina mama wanaokuja na watoto wachanga mgongoni. Lakini shule ina bwalo kubwa lenye mabenchi na feni, na saa nane na nusu mchana liko tupu. Ina mkungu na miarobaini miwili yenye kivuli kizuri. Mzazi anakaa garini kwa kuwa geti limefungwa na mlinzi haruhusu mtu kuingia kabla ya kengele. Fungueni bwalo, mtaona ni wangapi watabaki kwenye magari.

Mtasema ni usalama, hasa kwa mama aliye peke yake. Mama huyo atakuwa salama zaidi ndani ya geti, pamoja na wenzake, kuliko barabarani ndani ya gari linalowaka akiwa amesinzia.

Kuna wanaohofia betri, kwamba gari likizimwa halitawaka tena. Fundi wangu alinijibu kwa kifupi: gari ambalo haliwaki ukilizima dakika ishirini linahitaji betri, na ugonjwa huo hautibiwi kwa kutolizima. Wengine wanaamini kuwasha upya kunakula mafuta mengi zaidi. Kwa magari ya siku hizi si kweli. Likisimama zaidi ya sekunde kama kumi, kulizima na kuliwasha kunatumia mafuta machache kuliko kuliacha. Gari dogo lenye AC linaweza kula karibu lita moja kwa saa bila kusogea hata hatua. Nusu saa kwa siku tano ni lita mbili na zaidi kidogo kwa wiki, na tukichukulia shilingi 3,000 kwa lita, mzazi anachoma zaidi ya laki mbili kwa mwaka wa masomo akiwa amekaa sehemu moja. Wazazi hao hao ndio tunaolalamikia ada ya chakula.

Mtasema pia kwamba jiji zima lina moshi, malori yanapita, takataka zinachomwa mitaani, basi geti moja litasaidia nini. Lori linapita na kuondoka. Magari yetu yanakaa pale saa nzima, hatua mbili kutoka kwenye midomo ya watoto, na huo ndio moshi pekee ambao shule inaweza kuuzima wiki hii bila bajeti.

Na mtasema wazazi wa siku hizi hawaambiliki. Hapo nawakatalia kabisa. Mlipoamua kuwa hakuna mtoto kutoka bila kadi ya mzazi, tulinung'unika wiki ya kwanza, ya pili kila mtu ana kadi shingoni. Nchi nzima tuliacha mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Siku za kabla yake watu walikuwa wakiulizana nyama watabebea nini, na wiki hiyo hiyo kila mtu alikuwa na mfuko mbadala kwapani. Na ninyi wenyewe, Serikali ilipozitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, mlitii. Mlivunja jiko la kuni, mkaleta mitungi ya gesi, mkatuita wazazi kuja kuona. Nakumbuka maneno yaliyosemwa siku ile, kwamba mnalinda mapafu ya wapishi na watoto. Niliwapigia makofi. Ninachoomba sasa ni neno lile lile lifike getini.

Kwa upande wa halmashauri, msiniambie hakuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zipo tangu 2007. Wenzetu wamekwenda mbali zaidi. New York ukiacha injini ikiwaka kando ya shule muda wa mwisho unaoruhusiwa ni dakika moja. Uingereza dereva anayekataa kuzima anaweza kupigwa faini ya papo hapo ya pauni 20. Mimi sijafika kwenye faini. Naomba mambo haya, kwa mpangilio wa urahisi wake:

(a) Kuanzia Jumatatu, madereva wa mabasi ya shule wasiwashe gari mpaka mtoto wa mwisho awe amekaa na mlango umefungwa. Hili linahitaji agizo moja la mdomo kutoka kwa Mwalimu Mkuu.

(b) Watoto wapangwe mistari upande wa bwalo, mbali na ekzosi, na wanaosubiri wazazi wakae ndani mpaka waitwe.

(c) Geti dogo lifunguliwe kuanzia saa tano na nusu kwa wazazi wa chekechea na saa nane na nusu kwa wengine, wakae bwaloni kwa kuonyesha kadi.

(d) Pawekwe kibao kikubwa ukutani: ZIMA GARI, WATOTO WANAVUTA HEWA HAPA. Mlinzi apewe maelekezo ya kumgongea kioo dereva kwa heshima na kumwomba azime. Mzazi mwenye mgonjwa au mtoto mchanga aelekezwe kivulini, asifokewe.

(e) Madarasa ya chini yatofautishwe muda wa kutoka na madarasa ya juu kwa dakika ishirini, foleni ipungue.

(f) Halmashauri ifunike mtaro ule na kuweka njia ya waenda kwa miguu, na iweke alama ya kukataza maegesho kwenye upenyo unaotumiwa na watoto wa shule ya serikali. Hili najua linahitaji fedha na muda. Naomba liingie kwenye mpango wa mwaka ujao, na nijulishwe kwa maandishi.

Kazi ya kibao naweza kuibeba mimi. Nina rafiki mchora mabango, na wazazi wanne tumeshakubaliana kuchangia rangi na bati. Wawili kati yetu tuko tayari kusimama getini na mlinzi kwa wiki mbili za mwanzo, tukiwagongea wenzetu vioo, maana najua neno la mzazi kwa mzazi linapokelewa tofauti.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Kama kuna jambo nimelikosea, niiteni, nitakuja, na nitalisahihisha hadharani kama nilivyoliandika. Kila siku ya shule saa nane na nusu nipo chini ya ukuta wenu, gari limezimwa na vioo viko chini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa watoto wawili, darasa la kwanza na la nne

Nakala:
Afisa Elimu Kata
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Mwalimu Mkuu, shule ya msingi jirani
Wazazi wote, kupitia ubao wa matangazo